Nilivyomfikia Étienne Robichaud, mkulima aliyekataa kuhesabiwa

Mama mkwe wangu ni Robichaud, mzaliwa wa Néguac, kijiji cha wavuna chaza kwenye ghuba ya Miramichi, jimbo la New Brunswick, Kanada. Siku nyingi alitamani kumjua Robichaud wa kwanza, yule aliyevuka bahari kutoka Ufaransa, ila wanawe hawana subira na makaratasi. Kazi ikawa yangu mimi mkwe, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura. Nilikuwa nimesoma Chuo Kikuu cha Moncton, na hapo chuoni ndipo kilipo kituo kinachotunza kumbukumbu za Waakadia, Centre d'études acadiennes Anselme-Chiasson. Miaka yangu ya masomo nilipita mlangoni pake bila kuingia. Safari hii niliingia.

Kwa msiowajua, Waakadia ni wazao wa Wafaransa walioanza kutua mwaka 1604 katika nchi ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa huko, sehemu ambazo leo ni Nova Scotia, New Brunswick na visiwa vya jirani. Kituo chao cha Port-Royal kilianzishwa 1605, lakini familia zenye wake na watoto zilianza kuja miaka ya 1630. Ufaransa na Uingereza zikaigombania nchi hiyo kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 1755 Waingereza walipoanza kuwakusanya wakulima hawa, wakawapakia melini na kuwatawanya katika makoloni yao, toka Massachusetts hadi Georgia. Kufikia 1763 waliohamishwa kwa nguvu walikuwa wamezidi 10,000. Mji wetu wa Moncton, wenye Waakadia tele, una jina la Robert Monckton, mmoja wa maofisa walioiendesha kazi hiyo. Watu wameshazoea.

Nilianza na aliye hai. Mama mkwe alikuwa jikoni anapika fricot, mchuzi wao wa kuku na viazi unaonukia majani ya sarriette, nami nikaweka simu mezani irekodi. Sikumuuliza miaka. Nilimuuliza watu: nani alikuwa mtoto wa nani, nani alilelewa na shangazi, nani amezikwa karibu na nani. Waakadia wa vijijini hutajana kwa mnyororo, Joseph wa Pierre wa Charles, kama kwetu fulani bin fulani bin fulani, kwa hiyo alipanda nasaba hadi kwa babu wa babu yake huku anaonja chumvi. Ukimwanzishia mzee kwa tarehe atakwambia hakumbuki, ukimwanzishia kwa majirani hutammaliza.

Kutoka hapo niliingia kwenye rejista za parokia za karne ya 19. Padri anaandika ndoa kwa mtindo uleule ukurasa baada ya ukurasa: bwana harusi na wazazi wake, bibi harusi na wazazi wake, mashahidi. Uzuri wake ni kwamba mwanamke anaandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake tangu kubatizwa hadi kuzikwa, hata akiwa ameolewa mara mbili. Hapo ndipo nilipopata njia niliyoitumia hadi mwisho: ukimpoteza mume, mfuate mke.

Maana kuwapoteza waume ni rahisi mno. Kijiji kina koo chache, na kila nyumba ina Joseph. Nilikwama kwenye Joseph Robichaud wawili waliokaribiana umri, mtu na binamu yake, na rejista ya ndoa moja haikutaja wazazi wa bwana harusi. Kilichoniokoa ni kibali cha kanisa. Kanisa Katoliki liliwakataza ndugu wa damu kuoana mpaka daraja la nne, na kwa kuwa Waakadia karibu wote ni ndugu, mapadri walikuwa wakitoa vibali kila mara na kuandika daraja. Kwa anayejua Kiswahili hesabu hii ni nyepesi: daraja la pili ni wajukuu wa mtu mmoja, la tatu ni vitukuu vyake, la nne ni vilembwe. Kwenye ndoa niliyokuwa naifuatilia padri aliandika "la tatu kwa la nne", yaani mmoja kitukuu na mwenzake kilembwe wa mtu yuleyule. Nikachora nasaba ya bibi harusi, nikamweka kila Joseph pembeni yake. Mmoja alikaa sawasawa. Wa pili hakukaa kwa namna yoyote.

Baada ya hapo njia ilinyooka, kwa sababu Robichaud wa Néguac wana bahati ya kuwa na babu anayejulikana. Otho Robichaud alizaliwa Annapolis Royal mwaka 1742. Ndiyo Port-Royal yenyewe, Waingereza walikuwa wameshaibadili jina. Alikuwa na miaka 13 alipopelekwa Massachusetts pamoja na wazazi wake. Miaka 20 baadaye familia ilihamia Quebec, kisha Otho akaja kutulia Néguac, akawa mfanyabiashara na hakimu wa amani, akafariki 1824. Baba yake, Louis, alikuwa mtu wa kuheshimika hata uhamishoni. Huko Massachusetts hapakuwa na padri Mkatoliki, hivyo kanisa la Quebec lilimruhusu yeye, mlei, apokee ahadi za ndoa za Waakadia wenzake na hata kutoa vile vibali vya undugu nilivyovitaja. Nilipolisoma hilo nilimpigia mama mkwe simu palepale, maana ndoa za watu waliotawanywa zilipita mikononi mwa babu yake.

Ubatizo wa Louis, mwaka 1704, nilitaka kuuona mwenyewe. Rejista za parokia ya Saint-Jean-Baptiste ya Port-Royal, za 1702 hadi 1755, zilinusurika, na idara ya nyaraka ya Nova Scotia imeziweka mtandaoni kwa picha. Si parokia zote zilizopata bahati hiyo. Za Grand-Pré zilibebwa na wahamishwa wenyewe hadi Louisiana, na leo ziko chini ya dayosisi ya Baton Rouge. Hebu fikiria mtu anafukuzwa nyumbani, anaruhusiwa kubeba kidogo, na katika hicho kidogo anatia vitabu vya ubatizo.

Baba wa Louis ni Prudent Robichaud, mfanyabiashara, na mama yake ni Henriette Petitpas. Prudent ningeweza kumwandikia makala yake peke yake. Mwaka 1725 utawala wa Waingereza ulimtia pingu kwa kosa la kumkaribisha Mmi'kmaq nyumbani kwake. Baadaye utawala huohuo ukamfanya hakimu wa amani. Nampita, kwa sababu nilikuwa namfuata baba yake, Étienne.

Kabla ya 1702 rejista za Port-Royal hazipo, kwa hiyo unategemea sensa. Ile ya 1686, ya wakati wa Jacques de Meulles, msimamizi wa koloni la Ufaransa huko Kanada, ilinipa Françoise Boudrot, mjane wa Robichaud, pamoja na watoto wake. Kumbe Étienne alikuwa ameshafariki. Nikarudi nyuma hadi sensa ya 1671, iliyofanywa na padri Laurent Molins, Mfransisko aliyekwenda nyumba kwa nyumba. Kwa kila kaya aliandika jina la mume, kazi yake na umri, mke na umri wake, watoto, ng'ombe, kondoo, na ukubwa wa shamba kwa arpenti, kipimo cha Kifaransa kinachopungua kidogo tu ekari moja. Akadia nzima ilikuwa na Wafaransa wapatao 400, kwa hiyo orodha unaisoma yote kwa kikao kimoja. Naipenda kuliko hati zote nilizozishika, kwa sababu watu wamo ndani wanaongea.

Pierre Lanoue, fundi wa mapipa, aliulizwa umri, akajibu kwamba yeye ni mzima wa afya na umri hasemi. Pierre Melanson, mshonaji, alikataa kutaja umri, mifugo na mashamba, na mkewe akamuuliza padri kama ana wazimu hata azunguke mitaani kwa mambo ya namna hiyo. Halafu Étienne Robichaud, mkulima. Padri anaeleza kwamba hakutaka kuonana naye: alitoka nyumbani, akamwachia mkewe ujumbe kwamba hesabu ya ng'ombe na ardhi yake hatoi. Basi. Hakuna umri wala watoto. Nilicheka kwa sauti katika chumba cha kusomea, mhifadhi akainua macho, nikamwonyesha mstari. Alikuwa anaujua.

Kicheko kilipoisha nikabaki na tatizo. Mwanzilishi wa ukoo mzima, katika hati ya kwanza ya kuhesabu familia za Akadia, ameacha pengo kwa makusudi. Nikarudi kwenye njia yangu ya kumfuata mke. Katika orodha hiyohiyo yuko Michel Boudrot, miaka 71, na mkewe Michelle Aucoin, miaka 53. Mzee Boudrot alijibu kila kitu, akawataja watoto wake 11, pamoja na mabinti walioolewa. Wa kwanza katika walioolewa ni Françoise, miaka 29. Étienne alitoka nyumbani asihesabiwe, baba mkwe akamweka mkewe kwenye karatasi. Na huyu baba mkwe hakuwa mtu wa kawaida, alikuwa mwakilishi wa wakazi wa Port-Royal tangu 1639, na baadaye ndiye aliyekuwa hakimu wao. Nadhani chakula cha Jumapili nyumbani kwa akina Boudrot kilikuwa na maneno.

Kwa nini alikataa? Jibu langu nalitoa kwa kuangalia mwaka. Waingereza walikuwa wameishika Port-Royal tangu 1654, na Wafaransa walirudi 1670. Kijana aliyeoa na kulima chini ya Waingereza anamwona gavana mpya anafika, na haupiti muda padri yuko mlangoni anauliza una ng'ombe wangapi. Mkulima yeyote anajua swali hilo linaelekea wapi. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, ambako kutohesabiwa ni kulala njaa kwa sababu kadi ya mgao inafuata orodha. Bibi yangu angetuamsha alfajiri tukahesabiwe. Étienne hakuwa anamtegemea mtu kwa mgao. Alikuwa na cha kuficha, na cha kuficha chenyewe kilikuwa kizuri.

Hilo nililielewa tulipokwenda Annapolis, mama mkwe, mume wangu na mimi, kwa feri ya Saint John hadi Digby. Waakadia walilima kingo za bahari, msitu wakauacha kwa sehemu kubwa. Ghuba ya Fundy ina maji kujaa na kupwa makubwa kuliko popote duniani, sehemu nyingine hufika mita 16, na vinamasi vya maji ya chumvi vya kingoni vina udongo mnono ajabu. Walijenga tuta la udongo na nyasi, na chini ya tuta wakapitisha mfereji wa mbao wenye kilango kinachoning'inia, mtambo wanaouita aboiteau. Maji yakipwa, mvua iliyojaa shambani inakisukuma kilango na kutoka baharini. Bahari ikijaa, inakibana chenyewe, chumvi haiingii. Unasubiri miaka miwili mitatu mvua ioshe udongo, halafu unapanda ngano. Mume wangu alikichezea kilango cha mfano kwa kidole, wazi, kikafunga, wazi, kikafunga, mpaka mama yake akamwambia aache. Tuta kama hilo halijengwi na mtu mmoja, ni kazi ya ndugu na majirani pamoja. Nikaona kwa nini Étienne hakutaka kumwambia mgeni ana arpenti ngapi.

Mama mkwe alikuwa na ombi moja ambalo sikulitimiza: jina la kijiji cha Ufaransa. Kwenye nasaba za mtandaoni watu wanamtajia Étienne kijiji cha Poitou, mkoa wa magharibi mwa Ufaransa, kwa uhakika mkubwa, kila mmoja akimnakili mwenzake, na ukiuliza hati hupewi. Kwa baadhi ya koo ziko shuhuda: mwaka 1767 Waakadia waliopewa makazi kisiwa cha Belle-Île, Brittany, waliapishwa na kueleza nasaba zao kwa kichwa, kizazi kwa kizazi, kwa kuwa vitabu vyao vilikuwa vimebaki ng'ambo au kupotea. Kazi ya kupambanisha shuhuda hizo, sensa na rejista ameifanya Stephen White, mwananasaba wa kituo hichohicho cha Moncton, katika kamusi yake ya koo za Akadia ya 1999. Ushauri wangu kwa anayetafuta babu wa Kiakadia ni afungue juzuu hizo kabla ya kufungua tovuti yoyote. Nikamwambia mama mkwe kwamba sitamwandikia kijiji nisichokuwa na hati yake. Alinuna kidogo, kisha akasema babu aliyemkimbia padri hangeacha anwani.

Sasa anataka upande wa mama yake, ambao ni Savoie. Nimeshachungulia: François Savoie, mkulima, yuko kwenye orodha ya padri Molins akiwa na miaka 50, pamoja na mkewe Catherine Lejeune, na maswali yote amejibu.