Kuta 14 za Minneapolis: kumbukumbu ya mradi wangu, mwaka wa tatu

Aprili 2025

Theluji imeisha na nimerudi kuzunguka. Kwa msomaji mgeni: nina kuta 14 hapa Minneapolis, Marekani, zenye michoro na maneno yaliyotokana na mauaji ya George Floyd, ambazo nazipiga picha kila baada ya miezi 3, nikisimama pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nilianza 2022. Kila ukuta una namba yake daftarini, idadi ya hatua kutoka kwenye nguzo au mlango wa karibu, saa, hali ya hewa, na maneno yote yanayosomeka, kwanza kama yalivyoandikwa, halafu kwa Kiswahili. Natoka zamu ya usiku saa 1 asubuhi, naenda moja kwa moja na kamera.

Baridi ya mwaka huu imekula sana. Maji hupenya kwenye nyufa za matofali, yakiganda yanatanuka na kuibandua rangi. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu nayo hurukia sehemu ya chini ya ukuta. Namba 3 imepoteza mstari mzima wa majina uliokuwa karibu na ardhi. Nashukuru nilikuwa nimeyanakili yote Oktoba, jina kwa jina.

Mei 2025

Miaka 5. George Floyd aliuawa tarehe 25 Mei 2020 kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago Avenue, shingo yake ikiwa chini ya goti la polisi Derek Chauvin kwa zaidi ya dakika 9. Alisema hawezi kupumua. Alimwita mama yake, ambaye alikuwa ameshafariki. Siku chache baadaye Xena Goldman, Cadex Herrera, Greta McLain na wenzao wakachora uso wake kwenye ukuta wa duka la hapo, nyuma yake ua kubwa la alizeti, na ndani ya ua majina ya Weusi wengine waliouawa na polisi. Usiku wa tarehe 28 kituo cha polisi cha Third Precinct kiliteketezwa. Wenye maduka wa Lake Street walikuwa wakiziba madirisha kwa plaiwudi, na plaiwudi ikageuka turubai ya mji mzima. Vioo vipya vilipowekwa mbao zikashushwa. Kikundi cha Memorialize the Movement kimeokoa mamia ya mbao hizo zisiishie jalalani.

Mimi nilichelewa, na nataka hilo liandikwe hapa. Mwaka 2020 nilikuwa naishi dakika 20 kutoka pale na sikwenda. Wakenya wengi tuliokuja ukubwani tulikuwa na namna ya kusema "wao": wao na polisi wao, sisi tuna kazi za kufanya. Kisha Aprili 2021 Daunte Wright, kijana wa miaka 20, akapigwa risasi na polisi Brooklyn Center, baada ya gari lake kusimamishwa. Hapo ni jirani na kwetu, ni njia tunayopita kwenda kununua unga. Mwanangu alikuwa na miaka 13. Leo ana leseni ya udereva, na hakuna polisi atakayemuuliza kwanza kama babu yake ni wa Murang'a.

Kaka yangu wa Nairobi ndiye aliyenisukuma. Alinitumia picha ya mchoro wa Allan Mwangi, uliochorwa Kibera Juni 2020: uso wa Floyd na neno HAKI. Akaniandikia, "Dada, huku tumemchora, na wewe uko hapo hapo. Hebu tuonyeshe ya huko." Kule kwetu Kenya nako, mwishoni mwa Machi mwaka ule ule, mtoto wa miaka 13 alikuwa ameuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, Nairobi, wakati wa kafyu. Watu wa Kibera hawakuhitaji kuelezwa mchoro ule una maana gani.

Juni 2025

Nimegundua kasoro kubwa katika kazi yangu. Nimepanga picha zote mezani: kati ya kuta 14, 11 ni nyuso, maua na mabawa. Mwanangu akaniuliza walioandika kwa hasira wako wapi. Nami nilikuwa nimewaona. Mwaka 2022 bado kulikuwa na maneno ya mkono, yaliyopinda, mengine ni matusi kwa polisi, mengine "bila haki hakuna amani". Niliyapita nikitafuta michoro mizuri.

Uso mzuri huachwa kwa sababu mwenye jengo anaupenda. Neno la hasira hupakwa rangi ya kijivu ndani ya siku chache. Kwa hiyo kinachobaki ukutani ni majonzi peke yake, na atakayepita baada ya miaka 10 ataamini kwamba watu hapa walilia tu, hawakudai kitu. Watafiti wa Urban Art Mapping, Chuo Kikuu cha St. Thomas, wamekuwa wakihifadhi picha za vibandiko na hata maneno mafupi ya haraka haraka tangu mwanzo. Ningewasikiliza mapema.

Wala ruhusa si kinga. Herufi kubwa za njano za Black Lives Matter kule Washington zilichorwa Juni 2020 kwa amri ya meya mwenyewe, na Machi mwaka huu zimechimbwa kwa mashine.

Basi nimeongeza orodha mpya: viraka. Kiraka cha kijivu juu ya tofali jekundu ni ushahidi kwamba pale palisemwa kitu. Nimeshapata 9, V1 hadi V9.

Julai 2025

Viraka vina ufundi wake. Saa sita mchana huoni kitu. Asubuhi, jua likiwa chini na kupiga ukuta kwa ubavu, rangi nene ya chini inatoa kivuli. Maneno ya kopo la kupuliza hayaonekani kabisa, kwa kuwa rangi yake ni nyembamba. Yaliyoandikwa kwa brashi au rola yanainuka kama makovu.

Jumamosi tulifika V6, nyuma ya jengo lenye ngazi za chuma, saa 1 na nusu asubuhi. Mwanangu alikuwa mbele na stendi ya kamera, mimi nahesabu hatua.

"Mama," akasema.

"Nakuja."

Hakunigeukia. Nilipofika nilimkuta ameinua kidole, anafuata herufi chini ya kijivu. Hakuwa ananiita. Alikuwa anasoma.

V6: brashi, herufi 4, urefu wa mkono wangu kila moja. Safu ya Kiswahili nimeandika neno lile lile.