Kimondo cha Mbozi, na jiwe zito uliloliokota shambani

Shimo liko wapi? Ndilo swali la kwanza la kila anayefika kilima cha Marengi, kusini magharibi mwa Tanzania, kilipo kimondo cha Mbozi. Chuma cha urefu wa mita 3 hivi, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kianguke toka angani kisiache hata kovu? Kilianguka zamani mno. Hata kwa Wanyiha, wenyeji wa hapa, haijulikani simulizi ya siku hiyo. Mvua za nyanda hizi hula kingo za shimo na kujaza udongo ndani. Kimondo cha Hoba, Namibia, chenye tani kama 60, nacho hakina shimo. Handaki unaloliona kukizunguka kimondo cha Mbozi limechimbwa na watu waliotaka kukifichua chote.

Swali la pili lina faida zaidi: je, hili jiwe langu jeusi ni kimondo? Mara nyingi silo. Sumaku peke yake hudanganya, maana magnetaiti, jiwe la madini ya chuma, nayo hunasa. Mavi ya chuma pia huwachanganya wengi, kwa kuwa Wafipa na Wanyiha walikuwa wakiyeyusha chuma kwa tanuri za udongo na mabaki yake yamezagaa mashambani. Yavunje: ukiona vitundu vya hewa ndani, achana nayo.

Kipimo ninachokiamini ni cha maji. Pima jiwe kwa mizani ya duka. Jaza chombo hadi ukingoni, lizamishe taratibu kwa uzi, kinga maji yanayomwagika, uyapime kwa bomba la sindano. Tuseme jiwe lina gramu 780. Kimondo cha chuma kitamwaga mililita 100 hivi, magnetaiti 150, na jiwe la kawaida la mlimani karibu 290. Kosa kubwa ni kutumia ndoo pana: maji hujiinua ukingoni yasimwagike yote, na jiwe likaonekana zito kuliko lilivyo. Tumia chombo chembamba.

Likipita hapo, piga tupa kwenye kona moja. Ndani king'ae kama chuma kipya. Bado huenda ni kipande cha mashine kilichozikwa, kwa hiyo mwamuzi ni nikeli, metali ambayo hupimwa maabara. Kimondo cha Mbozi kina karibu asilimia 9, na vimondo vya chuma kwa kawaida havishuki chini ya 5. Chuma kisichoshika kutu nacho kinaweza kuwa na nikeli ya kiwango hicho, ila kina kromiamu nyingi, ambayo kimondo hakina. Omba vipimwe vyote viwili.