Umeme wa Rufiji na sufuria la maharage

Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ziarani mkoani Kilimanjaro alisema kwamba serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, na kwa siku kadhaa mitandao ya kijamii ilijaa kejeli. Sikuwashangaa waliokejeli. Tumekuwa tukielezwa kwa miaka kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lililogharimu takribani shilingi trilioni 6.5, ndilo litakalomaliza shida ya umeme nchini. Mtambo wake wa kwanza uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na mwezi uliofuata TANESCO, shirika la umeme la taifa, ikasimamisha vituo vyake vitano vya umeme wa maji kwa sababu uzalishaji ulikuwa umezidi mahitaji. Mtu wa kawaida akisikia kwamba nchi hiyo hiyo inakwenda kununua umeme kwa jirani, ana haki ya kuuliza kulikoni.

Jibu limo kwenye nyaya. Bwawa liko kwenye mto Rufiji, kusini mashariki mwa nchi, na umeme wake husafirishwa kwanza hadi Chalinze kwa laini ya kilovolti 400, mwendo wa kilomita 160 hivi, kabla ya kuanza safari ndefu ya kuelekea mikoa mingine. Kufika Arusha na Moshi ni mbali, na kadiri umeme unavyosafiri ndivyo unavyopungua njiani; serikali ilitaja hasara ya takribani shilingi bilioni 32 kwa mwaka kutokana na upotevu huo. Upande wa pili, umeme wa Ethiopia tayari unafika Suswa, nchini Kenya, kwa laini ya kilomita 1,045 inayotumia mkondo mnyoofu (DC), yaani umeme unaotiririka upande mmoja tu, ambao hupoteza kidogo zaidi katika masafa marefu, na Kenya nayo imeunganishwa na sisi kwa laini inayotoka Isinya, kupita Namanga na Arusha, hadi Singida. Kwa hesabu hiyo, mkazi wa Moshi anaweza kabisa kuhudumiwa kwa nafuu zaidi na maji ya Ethiopia kuliko ya Rufiji, na laini hiyo hiyo inaweza kupitisha umeme wetu kwenda nje pale tutakapokuwa na wa kuuza. Kwa maoni yangu uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ulielezwa vibaya, tena baada ya miaka ya kuwaaminisha watu kwamba kujenga mtambo na kufikisha umeme nyumbani ni jambo moja.

Hapo ndipo siasa zetu zinaponikera kidogo. Bwawa lina ukuta mrefu, lina picha nzuri za angani, na lina siku ya kukata utepe. Mitambo yake tisa, kila mmoja megawati 235, inaleta jumla ya megawati 2,115, na namba hiyo inakaa vizuri sana kwenye hotuba. Sijawahi kusikia kiongozi akialikwa kuzindua transfoma ya mtaa iliyobadilishwa kwa sababu ya zamani ilikuwa inazidiwa kila ikifika saa moja jioni. Aprili 2024, wakati tayari tulikuwa na umeme wa ziada, hitilafu kwenye gridi iliiacha karibu nchi nzima gizani.

Kuhusu mazingira, mengi yalisemwa kabla ya ujenzi, kwa kuwa bwawa limejengwa ndani ya eneo la wanyamapori la Selous, ambalo limo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1982. Hoja hizo zilishindwa na ujenzi ukaendelea, kwa hiyo sitazirudia. Lililobaki ni namna ya kuishi na bwawa lenyewe. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya mwaka 2024 yalizua mabishano makali: wapo waliosema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyosomba mashamba, na serikali ikasema kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu mvua za El Niño zilikuwa kubwa na mto huo ulikuwa ukifurika tangu zamani. Ningependa mkulima wa Utete apate kwenye simu yake, kila siku ya masika, kiasi cha maji kinachoingia bwawani na kiasi kinachotolewa. Simu anayo, na vipimo vipo.

Lakini suala la mazingira linalonigusa zaidi liko jikoni. Serikali yenyewe hutaja kwamba nchi inapoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka, na ukataji wa kuni na mkaa ni sehemu kubwa ya sababu, pamoja na upanuzi wa mashamba. Mei 2024 Rais alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na siku chache baadaye alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa kuhusu jambo hilo hilo, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya Afrika. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha kutakiwa kuachana na kuni na mkaa. Nia ipo, na sitaki kuibeza.

Tatizo ni kwamba nishati safi, kwa sehemu kubwa, imekuja mitaani ikiwa mtungi wa gesi wa kilo sita, mara nyingi ukigawiwa mbele ya kamera. Mtungi ni kitu kizuri mpaka gesi iishe. Kuujaza tena kunahitaji zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo mmoja, ilhali muuza mkaa anapima hata kwa kopo, na mama anayepata pesa yake siku kwa siku hununua kinachotosha chakula cha leo. Mkaa unaweza kuwa ghali kuliko gesi ukijumlisha mwezi mzima, lakini mwezi mzima haununuliwi kwa siku moja. Waliolielewa jambo hili mapema ni vijana wa KopaGas hapa Dar es Salaam, waliofunga mita kwenye mtungi ili mteja alipie gesi kidogo kidogo kwa simu. Teknolojia yao ilinunuliwa na Circle Gas mwaka 2020. Huo ndio ubunifu ninaoupenda, kwa kuwa umeanza na mfuko wa mtumiaji.

Umeme nao unauzwa kidogo kidogo, kwa sababu ya LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, na hapa ndipo bwawa na jiko vingepaswa kukutana. Jiko la presha la umeme, presha kuka kama wengi tunavyoliita, huchemsha nusu kilo ya maharage bila kumaliza hata uniti moja. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, uniti ni takribani shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Maharage hayo kwa mkaa yanakula kopo zima na zaidi, pamoja na moshi wa kukaa nao asubuhi nzima.

Sasa tazama bei kwa yule tunayesema tunamlenga. Mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ilimradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, ghali kuliko hata ile 292 anayotozwa mteja wa kundi la kawaida, zote kabla ya kodi na tozo. Taa, simu, redio na televisheni vinaenea vizuri ndani ya 75. Ukiongeza friji ndogo na kupika kila siku, vinakaribia kutoenea. Kwa hiyo familia inayotii wito wa nishati safi ndiyo inayojiweka kwenye hatari ya kupandishiwa bei, na majirani wanaoendelea na mkaa hawaguswi. Wengi mtaani wanaijua hesabu hii kwa uzoefu tu, ndiyo maana utasikia mtu akionywa asipike kwa umeme, “watakuhamisha tarifu,” yaani kundi la bei.

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, inaweza kulirekebisha hili bila kumwaga hata mfuko mmoja wa saruji. Kiwango cha uniti 75 kingeweza kupandishwa kwa kaya zinazopika kwa umeme, angalau kwa nyakati ambazo mitambo inasimama kwa kukosa matumizi, na kununua jiko lenyewe kungeweza kulipwa polepole kupitia LUKU, ambayo tangu mwaka 2021 inatukata kodi ya jengo bila kutuuliza. Mfumo unaoweza kudai kodi kila mwezi kwa kila mita hauwezi kushindwa na mkopo wa jiko.