Mfupa umeunga, kidole bado

Leo tumetoka kliniki ya mifupa, na eksirei inapendeza. Mfupa wa mtoto wa kaka yangu umeunga, waya zilizoushikilia zimeshachomolewa, na kila jirani anayepita barazani anasema alhamdulillahi, mtoto kapona. Mfupa kweli umepona. Kidole cha shahada bado.

Alianguka kwenye mpera, mkono wa kushoto ukatangulia chini. Watoto wengi wa miaka 5 hadi 7 wanavunjika hivyo hivyo: mfupa wa mkono unakatika juu kidogo ya kiwiko, pale ulipo mwembamba. Ncha iliyovunjika ikisogea mbele inakutana na mshipa wa damu na mishipa ya fahamu.

Kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, daktari alimwambia anyanyue gumba. Akanyanyua. Atawanye vidole, akatawanya huku analia. Kisha aunganishe ncha ya gumba na ya shahada, ziwe duara. Hapo ikashindikana. Vidole viligusana vikiwa bapa kama mdomo wa bata, ncha zikagoma kukunjika. Daktari akaandika kwenye faili.

Nikamuuliza, mbona mtoto hajasema ana ganzi? Akanieleza kwamba lililoumia ni tawi la mshipa wa fahamu, nalo halina habari na ngozi, kazi yake ni kukunja ncha za vidole hivyo. Ukimgusa anahisi kila kitu. Basi mtoto halalamiki, mzazi haoni, na usipomwomba afanye duara linakupita hivi hivi. Na kuandika mapema kuna maana yake. Waya ikipitishwa upande wa ndani wa kiwiko inaweza kujeruhi mshipa mwingine, ule unaokupiga shoti ukigonga kiwiko mezani. Pasipo maandishi, nani atajua kipi kiliumia mtini na kipi mezani kwa daktari?

Kuna jirani alitaka tumpeleke kwa fundi wa mifupa akafungwe vijiti. Nilikataa, na ningekataa tena. Kiwiko kilichovimba ukikikaza, damu haipiti, misuli inakufa, vidole vinajikunja moja kwa moja. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, aliyaandika hayo tangu 1881. Tena hogo la hospitali nalo likibana ni yale yale. Mtoto ambaye maumivu yanazidi baada ya kufungwa arudishwe usiku huo huo, asiambiwe avumilie.

Kuhusu kidole, tumeambiwa tusubiri. Mara nyingi mshipa unakuwa umevutwa au umebanwa tu, haujakatika, na wengi unawarudia wenyewe ndani ya miezi michache. Ikipita miezi kama 6 bila dalili yoyote, ndipo watazungumzia kuupima na pengine kuufungua. Hata leo gumba limeanza kujikunja kidogo, ukilitazama kwa makini.

Ila nyumba hii haijui kusubiri. Mama keshapasha mafuta ya nazi, anataka kukanda kiwiko "kilegee". Daktari alikataza kabisa: kukandwa kwa nguvu kunaweza kukifanya kikakamae zaidi, akikunje na kukinyoosha mwenyewe akiwa anacheza. Tumebishana mpaka magharibi. Mwisho kakubali kwa shingo upande: kiwiko hakiguswi, anapakwa mafuta kiganjani na vidoleni tu, tena mimi nikiwepo.