Risasi za kutengeneza mwenyewe au za dukani? Kwa wana Mbeya mlioko Marekani

Jamani, boksi la risasi 20 za bunduki ya kuwindia, .308, juzi nimeuziwa zaidi ya dola 40 hapa Montana. Ishirini tu! Hela hiyo nenda Uyole uone viazi utakavyobebeshwa. Na ukizitumia kulenga shabaha kabla msimu haujafunguliwa boksi lote linaisha na nyama hujaiona.

Ndo maana mi nasema risasi za bunduki ya kuwindia tengeneza mwenyewe. Risasi ni vitu vinne, ganda, praima (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa, na ganda la shaba halifi kwa kupigwa mara moja, unaliokota, unalisafisha, unalirudisha kwenye umbo lake kwa mashine, unalijaza tena na tena mpaka siku uone mdomo umepasuka au kuna mstari unang'aa karibu na kitako, hapo tupa, usilionee huruma.

Mashine yenyewe nilipewa bure. Jirani yangu, mzee wa kizungu ambaye tulikuwa tunapungiana mikono tu, alisikia nalalamikia bei akaniita gereji kwake, akanikabidhi mashine yake ya zamani na jioni nzima akakaa ananionyesha mizani. Hata senti hakutaka. Ndaga fijo mzee wangu, watu wazuri wapo kila mahali.

Ila hii kazi haitaki haraka. Baruti inapimwa kwa greni, na greni moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu, kwahiyo simu weka mbali, bia hakuna, na kipimo ni kile cha kwenye kitabu, sio kukadiria kwa jicho kama wanavyoshindilia gobore kule kwetu. Ukizidisha bunduki inakupasukia usoni.

Za bastola, 9mm, nanunua dukani na sijutii. Bei yake iko chini, unachookoa hakilipi muda wako. Halafu kwenye ganda la bastola baruti inayowekwa ni kidogo, ukipitiwa ukamimina mara mbili unaweza usigundue, wakati la .308 linakaribia kujaa kwa kipimo kimoja, ukirudia inamwagika mezani unaiona.

Na nyie mnaokuja kwa viza ya masomo au ya kutembea, sikilizeni vizuri: sheria ya huku inawakataza bunduki na hata risasi, labda uwe na leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine wa kisheria. Usishikishwe kitu na rafiki eti mkapige picha, utarudishwa Songwe na ndoto zako zote.

Mdogo wangu wa Tukuyu ananisumbua, "Kaka, nitumie hiyo mashine tufanye biashara." Hapana mdogo wangu. Kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila kibali ni jela. Hela ya mbolea nitatuma, mashine sitatuma.