Kumbukumbu ya mradi: hatimaye sirsaka imefura

Baada ya majaribio matatu kuharibika, jana hapa Mikindani nilikata kutoka kitanda changu cha kufumia kipande cha upana wa sentimita 30 cha sirsaka, yaani kitambaa cha pamba chenye mistari ya matuta, nikakiloweka katika maji ya uvuguvugu, na kilipokauka mistari yake ilikuwa imefura kama nilivyoitaka tangu mwanzo.

Wafumaji wenzangu wanajua kwamba mfumo wenyewe ni ule wa moja juu moja chini, na kwamba kazi yote imo katika mtande, yaani nyuzi za urefu: mstari wa nyuzi zilizokazwa hufuatwa na mstari wa nyuzi zilizolegezwa, na hizi za pili ndizo zinazoinuka. Jina lake lina asili ya Kiajemi, shir o shakar, yaani maziwa na sukari, na aliyekipapasa kitambaa hiki hahitaji kuelezwa sababu. Matuta hayo huliinua shati lisigande mgongoni wakati wa fukuto, na pasi haihitajiki.

Kilichonitesa ni kwamba kitanda changu kina gogo moja tu la mtande. Mara ya kwanza nilizungusha nyuzi zote pamoja, nusu yake nikiilegeza kwa mkono, lakini kwa kuwa gogo lilizitoa zote kwa urefu uleule, kitambaa kikawa bapa kama kaniki. Mara ya pili niliweka vijiti chini ya nyuzi legevu, nikawa nachomoa kimoja kimoja. Matuta yakaishia kwenye shibiri ya kwanza. Mara ya tatu nilining'iniza mawe ya ufukweni, na kwa kuwa hayakulingana uzito, mstari mmoja ulifura na jirani yake ukalala. Niliumia sana, kwa sababu uzi ule ulikuwa mzuri.

Sasa kila fungu la nyuzi 10 legevu linapita juu ya mti wa nyuma wa kitanda na kuvutwa na chupa yake ya maji. Kwa mililita 400 matuta yalipotea. Kwa 100 nyuzi zilining'inia hata mshindio, yaani uzi wa kukingama, ukawa unazinasa. Kwa 200 zilitulia. Jiwe huwezi kulipunguza uzito, ila maji unayamimina hadi mistari yote ilingane.

Ili kujiridhisha, nilichomoa nyuzi mbili kutoka kipande cha sentimita 20. Uliokazwa ulinyooka ukafika sentimita 21, na uliolegezwa ukafika 26. Hiyo ndiyo tofauti na vile vitambaa ambavyo matuta yake huletwa kwa kupakwa soda kali inayoisinyaza pamba kwa mistari, ambavyo vikipigwa pasi mara kadhaa huanza kulala.

Kitana cha chuma, kile chanuo cha kupanga nyuzi za mtande, nimeachana nacho. Hewa ya chumvi hukitia kutu, na kutu huchafua uzi mweupe. Cha mwanzi huchakaa mapema zaidi, lakini ni kisafi.

Nilikuwa nimepanga kufuma foronya nne. Hata hivyo, nilipokianika kipande kile dirishani, jua la alasiri lilipenya mistari bapa na kufifia kwenye matuta, na tangu hapo nafikiria pazia tu. Upana wa sentimita 90 unataka nyuzi 900, nusu yake legevu, yaani chupa 45 zinazolingana, na hadi leo asubuhi ninazo 31.