Deni Lililojua Majira ya Upepo

Daftari la babu limekaa miaka mingi ndani ya kasha la bibi, katika nyumba yetu ya Mkomani, mtaa wa mji wa Amu (Lamu). Jalada lake la nguo nyeusi limeliwa na mende pembeni, na kurasa zake, ambazo babu alizijaza kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilipopata nafasi ya kukaa nalo wiki nzima, nilikuwa natafuta bei: nilitaka kujua miti ya mikoko iliuzwaje hapa Amu katika miaka ya 1950 na 1960, wakati majahazi ya Uarabuni yalikuwa bado yakija kuinunua. Bei nilizipata, lakini kilichonishughulisha zaidi ni safu ya mwisho ya kila ukurasa, pale ambapo mwenye duka wa leo angeandika tarehe ya kulipa. Babu hakuandika tarehe, bali majira ya upepo. Aliandika "kaskazi", au "kaskazi ijayo", au "demani", na mara chache akaandika hesabu ya miongo, yaani zile kumi kumi za siku zinazohesabiwa tangu Nairuzi (mwaka mpya wa jadi wa pwani), ambazo manahodha wetu walizitumia kujua bahari inafunguka lini na inafunga lini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma upya historia ya pesa ya pwani hii, na nimefika mahali pa kuamini kwamba ni historia ya kusubiri: nani husubiri, humsubiri nani, na hasara ya kusubiri humwangukia nani.

Pesa zenyewe si ngeni kwetu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mark Horton walifukua katika miaka ya 1980 sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu, zilizotengenezwa papa hapa pwani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na Manda, ambayo mtu huiona kwa macho akisimama gatini Amu, watafiti walitangaza mwaka 2013 kwamba wamepata sarafu ya China yenye tundu la mraba katikati, iliyotolewa na mfalme Yongle mwanzoni mwa karne ya 15. Katika karne ya 19 sarafu iliyotawala ilikuwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, ambayo iliendelea kupigwa muda mrefu baada ya kifo chake ikiwa na mwaka uleule wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi walikuwa wameizoea na hawakuiamini nyingine. Uzito wake, gramu 28 hivi, ndio uliokuwa wakia yetu, na wakia 16 zilikuwa ratli moja, kwa hiyo sarafu hiyohiyo iliyolipia bidhaa iliweza pia kuipima. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili watu waliiita riale ya mzinga, kwa kuwa pale Wahispania walipochora nguzo, macho ya watu wa bandari yaliona mizinga. Nalipenda sana jina hili, kwa sababu linaonyesha watu waliopokea fedha ya mbali na kuisoma kwa elimu yao wenyewe.

Lugha yetu imehifadhi mengi kuliko makasha. "Fedha" ni neno la Kiarabu la madini yenyewe, "pesa" limetoka Bara Hindi pamoja na sarafu ndogo za huko, na "hundi" ilikuwa karatasi ya wafanyabiashara wa Kihindi ya kuagiza malipo katika bandari nyingine kabla haijawa hundi ya benki. Lakini maneno mawili hunifanya nisimame. "Tajiri" kwa Kiarabu ni mfanyabiashara tu, na "bepari" kwa watu wa Gujarat vilevile ni mfanyabiashara tu. Yote mawili yalishuka katika bandari zetu yakiwa na maana moja, kisha Kiswahili kikayatenga: tajiri akawa mwenye mali, awe amefanya biashara au amerithi, na bepari akawa mtu ambaye mali yake huzaa kwa jasho la wengine. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, tafsiri iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliiita Mabepari wa Venisi, akimgeuza mfanyabiashara mmoja wa jina la asili kuwa kundi zima. Na tukio lenyewe lingeeleweka kwa baharia yeyote wa Amu: mtu ameweka dhamana kwa deni lenye siku maalumu, na vyombo vyake vimechelewa baharini.

Neno la tatu ni "muhula". Leo watoto wetu hulijua kama kipindi cha shule. Asili yake katika Kiarabu ni nafasi anayopewa mtu, hasa mdaiwa, ya kuvuta pumzi. Kurani inaagiza kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Babu alikuwa akiirudia aya hiyo kila alipofunga duka kwenda kuswali magharibi, nami kwa utoto nilidhani ni dua ya kufunga milango.

Sasa turudi kwenye mikoko. Mti wa mkoko haukuuzwa kwa jina moja. Uliainishwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, na ukahesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Katika daftari la babu, korija moja ilikuwa na safari ndefu kabla haijawa pesa. Kwanza alitoa mchele, sukari, majani ya chai na shoka kwa kundi la wakataji waliokwenda kukaa majuma kadhaa mikokoni. Wakataji waliporudi, deni lao lilipunguzwa korija kwa korija. Kisha miti ililazwa ufuoni kusubiri majahazi, ambayo yalishuka na kaskazi kuanzia Desemba yakiwa na tende, chumvi na mazulia, na ambayo hayakuweza kurudi kwao mpaka upepo ugeuke kuwa kusi mnamo Aprili. Nahodha naye mara nyingi hakuwa na fedha taslimu mkononi, bali mzigo aliokopeshwa na tajiri wa kwao. Hivyo mkataji alimtegemea babu, babu akamtegemea nahodha, nahodha akamtegemea tajiri wake wa Sur, huko Omani, au wa Kuwait, na wote wanne waliutegemea upepo. Hakuna aliyekuwa na hoja ya kumkaba mwenzake koo mwezi wa Julai, kwa kuwa Julai hapakuwa na jahazi bandarini, na kila mmoja alilijua hilo bila kukumbushwa.

Hata nyumba za mawe zilikuwa sehemu ya hesabu hii. Mgeni wa kibiashara aliyelazwa sabule, yaani chumba cha wageni, alikaa miezi akisubiri upepo, na zile zidaka za ukutani zilizopangwa mabakuli ya China, mlango uliochongwa na daka la kukaribishia wageni mlangoni zilimwambia kwamba mwenyeji wake ana mizizi, ana jina la kulinda, na hatatoroka na mali ya watu usiku. Aliyejenga kwa matumbawe na chokaa alikuwa ameiweka heshima yake hadharani kama dhamana.

Sitaki kuupamba ulimwengu huo. Malipo ya kutangulizwa yaliitwa arbuni, na kitenzi cha kurubuni, ambacho leo maana yake ni kumghilibu mtu kwa ahadi, kimetoka humohumo. Kuna mkataji mmoja ambaye jina lake linajirudia katika daftari kwa miaka minne, na kila mwisho wa msimu babu ameandika "kaskazi ijayo". Mara ya kwanza niliisoma kama huruma, na bado naamini ilikuwamo huruma. Lakini mtu ambaye deni lake haliishi hana uhuru wa kumpelekea mnunuzi mwingine miti yake, wala wa kuukataa mchele uliopimwa kwa bei ya mkopeshaji. Subira ya babu ilikuwa pia kamba.

Na kabla ya babu palikuwa na jambo baya zaidi. Mashamba ya bara iliyo mbele ya Amu, na yale ya Malindi yaliyosafirisha mtama na ufuta kwa wingi katika nusu ya pili ya karne ya 19, yalilimwa na watumwa. Biashara ya kuwasafirisha kwa bahari ilipigwa marufuku na mkataba wa Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kwa muda wote huo palikuwa na watu ambao hawakuwa na jina katika safu ya wadai wala ya wadaiwa, kwa sababu wao wenyewe walikuwa wameandikwa katika safu ya mali. Anayesifu uaminifu wa biashara ya zamani bila kuwataja hao amelisoma nusu ya daftari.

Mikopo mikubwa ilitafuta njia yake ya kuukwepa mkono wa riba. Mwenye shamba aliweza kuliuza kwa khiyari: alipokea fedha, akatia sahihi waraka wa kuuza, akabaki na haki ya kulikomboa shamba akirudisha fedha katika muda waliokubaliana, na wakati huohuo akaendelea kulikaa kwa kulipa kodi kwa mnunuzi. Kodi hiyo ilifanya kazi ya riba bila kuitwa hivyo. Mitaji mingi ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, na baadhi yao walipata mali zao kutoka kwa Wamarekani wa Salem, ambao nguo yao ya merikani, iliyofumwa Massachusetts, ilisafiri mpaka bara kabisa na huko ikatumika kama fedha.

Mabadiliko niliyokuwa nikiyatafuta hayakuanza na sarafu mpya, bali na tarehe. Kuanzia mwaka 1901 serikali ya kikoloni ilidai kodi ya nyumba kwa rupia, na kodi haikuuliza kama mtama umevunwa. Kisha ikaja dhoruba ya mwaka 1920. Rupia ilikuwa imefungwa kwa 15 kwa pauni moja ya Uingereza. Serikali ikaifunga upya kwa 10, ikaleta sarafu mpya iitwayo florini, na mwaka 1921 ikaleta shilingi. Mtu aliyekuwa na deni la rupia 1,500, sawa na pauni 100, aliamka akidaiwa pauni 150, ilhali mazao yake yaliyouzwa London kwa pauni hayakuongezeka hata chembe. Hakuwa amekopa zaidi wala hakuwa amechelewa. Huu ndio ubepari ninaoutambua katika historia yetu: si soko, kwa kuwa soko tulikuwa nalo, bali ni uwezo wa aliye mbali kubadilisha uzito wa deni lako na siku yake, bila kulazimika kukutazama usoni.

Biashara ya babu ilikuwa imekwisha kabla ya mwaka 1982, ambapo Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi. Ukurasa wa mwisho una korija sita tu za boriti.

Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ninakubali kwa moyo mmoja kwamba kutuma fedha kumekuwa rahisi kwa watu wa visiwani, ambao zamani walipanda chombo siku nzima kumpelekea mgonjwa nauli. Nalolilia ni mkopo wa simu na siku zake thelathini. Mtoto wa ami yangu ni mvuvi. Mwaka jana, mwanzo wa Juni, mkewe alilazwa, naye akakopa kwenye simu akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali. Fedha ziliingia kabla hajaiweka simu mfukoni. Siku thelathini baadaye kusi ilikuwa imekaza, mashua zimepandishwa ufuoni, na bahari ya nje haiendeki. Ujumbe ulikuja alfajiri, kisha adhuhuri, kisha wakaanza kuwapigia watu walioko katika orodha ya simu yake, nikiwemo mimi. Nilimuuliza kwa nini asiwaeleze kuwa ni kusi. Akanitazama kwa muda, akasema, "Kaka, nimweleze nani? Hakuna mtu kule."

Tulichanga tulichoweza katika familia, lakini faini ilikuwa imeshapanda na hakikutosha. Mashine ya mashua yake aliiuza Julai. Bahari ilitulia Septemba.